Injini ya Land Rover ya zamani: vipuri vyake, vya ndugu zake, au ya Toyota kabisa?

Fungua boneti la Land Rover yoyote ya zamani hapa Mbeya na mara nyingi utakuta ukoo mzima humo ndani. Hedi imetoka kwenye gari la misheni, krenki imetoka shamba la chai, kabureta ni ya Toyota, na distributa hata aliyeifunga hakumbuki aliipata wapi. Wote wameoana, wengine kwa amani, wengine wakigombana kila gari likianza kupanda mlima.

Sisemi hivyo kwa dharau. Miaka ya 1980 spea ilikuwa adimu kama sukari, na fundi aliyeweza kulifufua gari moja kwa vipande vya magari matatu aliheshimiwa, tena alistahili. Tofauti ni kwamba fundi yule hakuwa na hiari. Wewe unayefufua gari leo unayo. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, naona hata watu waliokuwa wakipitia magari haya uani bila kuyatazama sasa wanasimama na kuuliza, "Hili linauzwa?"

Langu ni 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), Series III, la petroli. Lilikaa miaka kumi na moja chini ya mparachichi huko Rungwe, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Nilipolivuta hadi mjini, kila fundi niliyemwuliza kati ya Soweto na Mwanjelwa alikuwa na jibu lake, lakini majibu yote yaliangukia mafungu matatu: rudisha injini yake kwa vipuri vyake, changanya na vipuri vya injini za jamaa zake, au itoe uweke nyingine kabisa. Nimezunguka na swali hilo karibu mwaka mzima. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni vipimo: je, kipuri kinakaa, au kinaingia tu? Mengi mabaya niliyoyaona yametokea pale mtu alipodhani hayo mawili ni jambo moja. Cha pili ni pesa na spea, na hapo usihesabu ya leo peke yake. Hesabu na ile utakayoitafuta miaka mitano ijayo ukiwa umekwama Chimala. Cha tatu ni mlima na baridi, kwa sababu ushauri wa mtu wa Dar es Salaam haupandi mlima wa Kitonga. Cha nne ni kadi na thamani ya gari. Halafu mwisho, inamfaa nani.

Bei sitaji. Bei ya spea ya Land Rover hutegemea umekwenda kuiulizia ukiwa umevaa viatu gani.

Kwanza, ijue injini yenyewe

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na nyingi zilizobaki huku kwetu zina injini ya silinda nne tunayoiita "mbili na robo": sentimita za ujazo 2,286, kipenyo cha silinda milimita 90.47, mwendo wa pistoni milimita 88.9. Ya petroli na ya dizeli zina ujazo huohuo na zinafanana kama mapacha, na hapo ndipo mitego inapoanza.

Mtego mkubwa zaidi uko chini, usipoonekana. Hadi mwaka 1980 krenki ya mbili na robo (mhimili unaozungushwa na pistoni) ilikuwa imebebwa na beringi kuu tatu. Baada ya hapo zikawa tano. Kwa nje bloku hizo mbili mtu hazitofautishi kwa urahisi, lakini krenki ya tatu haikai kwenye bloku ya tano, wala ya tano haikai kwenye ya tatu. Njia ya uhakika ya kujua ni hii: shusha sampu (beseni la oili chini ya injini), lala chini, hesabu kofia zinazoishika krenki kwenye beringi kuu.

Mimi sikuhesabu. Nilinunua krenki kwa muuza skrepa mmoja wa njia ya Tunduma. Ilikuwa safi, inang'aa mafuta, na mwenyewe alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuiona ikifungwa, "Hii ya mia na tisa, bosi, inaingia." Ilikuwa ya beringi tano na bloku yangu ni ya tatu. Aliipokea tena kwa nusu ya pesa yangu, na nauli ya kwenda na kurudi nililipa mimi.

Njia ya kwanza: injini yake kwa vipuri vyake

*Vipimo.* Hapa hakuna kubahatisha, kuna kupima. Krenki iliyolika huchongwa ngazi kwa ngazi, kumi, ishirini, thelathini, arobaini, yaani elfu za inchi, na kila ngazi ina metali zake, yaani vipande vya beringi vinavyoikumbatia. Silinda vilevile: zinaboliwa, zinafungwa pistoni za ovasaizi ishirini au arobaini. Zikipita arobaini, zinapigwa slivu (silinda mpya ya ndani) na kurudishwa standa, kipimo cha kiwandani. Maana yake bloku iliyochoka bado ina maisha ndani yake, ilimradi haijapasuka.

Kazi hii inataka maikromita, kifaa cha kupima tofauti ndogo kabisa. Nimemwona fundi akipima jeno la krenki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi) kwa kucha ya kidole gumba, na nikaichukua krenki yangu taratibu nikaondoka.

Kitu kingine kinachosahaulika ni nati na bolti. Land Rover hizi zina nyuzi za Kiingereza za aina zaidi ya moja, BSF na UNF, wakati mwingine kwenye injini hiyohiyo. Bolti ya milimita kutoka kwenye boksi la Toyota huanza kuingia vizuri, inakaza mzunguko wa tatu, kijana anaongezea bomba kwenye spana, na tundu limekwisha. Weka bolti zako kwenye makopo, kila kopo na jina lake.

*Pesa na spea.* Ni njia ya polepole. Metali, ringi, gasketi na pistoni za mbili na robo bado zinatengenezwa na viwanda vya spea vya nje, na zinapatikana kwa kuagiza Dar es Salaam au Nairobi, ambako barabara ya Kirinyaga ina wauzaji wa spea kibao. Lakini kuna kopi na kopi. Ringi duni zitakurudisha kwenye kunywa oili kabla hujamaliza kulipa deni la fundi. Pesa inatoka kidogokidogo, hiyo ndiyo nafuu yake, na gari linakaa juu ya mawe muda mrefu, hiyo ndiyo adha yake.

*Mlima na baridi.* Tuseme ukweli. Mbili na robo ya petroli ikiwa mpya ilitoa nguvu za farasi kama 70. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kusukumia hewa) inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake hata kabla hujapakia gunia la viazi. Kitonga utaipanda kwa gia ya pili na uvumilivu, malori yakikupigia honi kwa nyuma. Petroli nayo inaliwa: kilomita 5 hadi 6 kwa lita ndiyo hesabu ya kawaida. Kwa upande mwingine, asubuhi ya Julai Njombe au Kitulo, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, petroli inawaka. Vuta choki, piga stata, subiri kidogo.

*Kadi na thamani.* Namba ya injini ni ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Hakuna wa kumweleza chochote.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye gari hili si la kumfikisha kazini kesho, mwenye bloku nzima, na mwenye moyo wa kungoja. Pia anayetaka kuliuza siku moja kwa mtu anayejua anachokitazama.

Njia ya pili: vipuri vya ndugu

Hii ndiyo njia wengi wanayoifuata hata wakisema hawaifuati. Nitakaa hapa zaidi kwa sababu humu ndimo faida na hasara zinapolala kitanda kimoja.

*Vipimo.* Mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi kwenye mashamba ya chai tangu ujana wake ndiye aliyenifungua macho. Nilimwamkia, nikamwonyesha hedi niliyoipata (kile kichwa cha injini chenye valvu), nikamwuliza kama itaingia. Akanitazama juu ya miwani.

"Kuingia itaingia, mwanangu. Mimi nakuuliza itakaa?"

Kuna ndoa zinazokubalika. Hedi ya petroli ya bloku ya beringi tatu inakaa kwenye ya beringi tano, na kinyume chake. Hedi ya injini ya petroli iliyofuata, ile ya lita 2.5 ya katikati ya miaka ya 1980, nayo inakaa juu ya mbili na robo ya petroli, na hapo unapata jambo la maana. Hedi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikizilinda siti za valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga. Tangu 2006 petroli yetu haina risasi. Kwenye hedi ya zamani, ukiendesha kwa mizigo, siti za valvu za ekzosi huliwa polepole, tapeti inazidi kubana, mwishowe valvu haifungi. Ile ya 2.5 ina siti ngumu tayari. Ya kwako pia inaweza kutolewa siti na kuwekwa ngumu kwa fundi wa leith (mashine ya kuchongea vyuma), kwa hiyo usilazimike, ila ukiiokota hedi ya 2.5 nzima, chukua.

Halafu kuna mgandamizo, yaani hewa na petroli zinabanwa mara ngapi kabla ya kuwaka. Mbili na robo za petroli zilitoka na hedi za aina mbili, saba kwa moja na nane kwa moja. Kwa huku juu, kwenye hewa nyepesi, nane kwa moja ni zawadi: unarudishiwa sehemu ya kile ambacho mlima umekunyang'anya, na petroli ya siku hizi inaimudu bila kugongagonga. Mtu wa Kyela, karibu na ziwa, hataona tofauti kubwa hivyo.

Ndoa zisizokubalika zipo pia. Krenki ya tatu na ya tano nimekwisha kusema.  Hedi ya dizeli juu ya bloku ya petroli, mwulize anayekuambia inawezekana kama yeye ndiye atakayeendesha. Ile dizeli ina mgandamizo wa 23 kwa moja; ni ulimwengu mwingine. Krenki ya lita 2.5 ina mwendo wa milimita 97 badala ya 88.9, hivyo hata kwenye bloku ya beringi tano haitakaa na pistoni zako za zamani.

Mabaya zaidi ni yale madogo. Kofia za beringi kuu huchongwa pamoja na bloku yao, na kofia ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) huchongwa pamoja na konrodi yake. Kofia iliyotoka kwenye bloku nyingine itapokea bolti zake vizuri kabisa, ila tundu lake halitakuwa duara sawasawa na wenzake. Vivyo hivyo ukibadilisha kofia ya konrodi namba mbili na ya namba tatu kwa sababu kijana aliziosha zote kwenye beseni moja. Piga alama kabla ya kufungua: silinda ya kwanza nukta moja, ya pili mbili, na upande wa kukalia.

Nimeshuhudia pikapu ya rafiki ikikamata injini kwenye mlima kabla ya Uyole, siku nne baada ya ovaholi. Walipoifungua walikuta metali za jeno tatu za ishirini na za jeno moja za thelathini, zimefungwa kwenye krenki iliyochongwa yote ishirini. Boksi lilikuwa limechanganywa dukani. Ile moja ilibana, oili haikupita, ikashika. Kuepuka hilo kulihitaji dakika tano: funga kofia moja, kaza kwa torki spana, zungusha krenki kwa mkono, kisha ndipo ufunge ya pili. Pale itakapokataa kuzunguka ndipo penye ugomvi.

Pistoni za seti mbili tofauti ni habari ya mizani. Zipime kwenye mizani ya duka la dhahabu kama unamjua mwenye nayo. Zikipishana gramu chache fundi wa leith anaweza kupunguza chuma upande wa ndani wa ile nzito. Ukiacha zilivyo, injini itatetemeka, na wewe utabadilisha mauntingi (vishikio vya injini) mwaka mzima ukidhani ndizo mbovu.

Kabureta naiweka mwishoni kwa sababu hata ikikosewa haivunji kitu. Zenith, Solex na Weber zote zimewahi kukaa kwenye magari haya. Yoyote utakayoifunga, jua kwamba jeti (vitundu vya kupimia petroli) zilizopangwa kwa pwani hunywesha injini petroli nyingi mno huku juu. Ukiona plagi nyeusi kama sufuria la kuni na moshi mweusi ukikanyaga, usikimbilie ringi. Anza na jeti.

*Pesa na spea.* Leo ni bei rahisi kuliko njia ya kwanza, wakati mwingine kwa mbali sana. Kesho inategemea kama umeandika. Injini iliyochanganywa bila kumbukumbu ni fumbo kwa fundi ajaye: ataagiza gasketi ya hiki kumbe ni kile, na kila kosa ni nauli ya basi.

*Mlima na baridi.* Ukichanganya kwa akili, hedi ya nane kwa moja na siti ngumu, gari linaweza kupanda kuliko lilivyotoka kiwandani. Ukichanganya kwa kubahatisha, mlima ndio utakaokuumbua, kwa kuwa kasoro nyingi hujificha kwenye tambarare ya Usangu.

*Kadi na thamani.* Ikiwa bloku ni ileile, kadi iko salama. Mnunuzi mkali atashusha bei kidogo, mnunuzi wa kawaida hatajua, na asiyejua usimfiche.

*Inamfaa nani.* Anayeweza kupima au aliye na fundi anayepima. Hana haja ya gari la maonyesho, anataka gari la asili linalotembea, na ana subira ya kukataa spea nzuri isiyo yake.

Neno moja kwa wenye Peugeot 504, maana najua mnasoma. Kwenu mchanganyiko una sura nyingine, kwa kuwa slivu zenu zinatoka na zimezungukwa na maji. Ya 1,796 ina kipenyo cha milimita 84 na ya 1,971 ina 88, mwendo wa pistoni ni 81 kwa zote mbili, ndiyo maana watu hushawishika. Nunueni slivu na pistoni zake kama seti, na mpime slivu zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Slivu moja ikiwa chini ya wenzake, gasketi ya hedi italiwa hapohapo, na mtabadilisha gasketi hadi mchoke.

Njia ya tatu: injini ngeni

*Vipimo.* Hapa kuna wageni wa karibu na wageni wa mbali. Wa karibu ni 200Tdi, dizeli ya tabo ya Land Rover yenyewe, sentimita za ujazo 2,495, iliyoanza mwaka 1989. Inashika kwenye belihauzingi (nyumba ya klachi) ya gia boksi ya Series bila bamba la katikati. Tazama tu imetoka kwenye gari gani: ya Discovery ina tabo iliyokaa chini, itagongana na chesisi, ya Defender ina tabo juu na inaleta matatizo machache. Nguvu zake, farasi kama 107, zinazidi zile gia boksi ya zamani ilizozizoea, kwa hiyo mguu wako uwe na adabu.

Mgeni wa mbali ni Toyota, hasa 3L, dizeli ya 2,779 isiyo na tabo, iliyobeba Hiace nchi nzima. Kuitia kwenye Series kunataka bamba la kuunganishia lililochongwa kwa unyoofu, flaiwili na klachi zinazoelewana, bushi ya mwisho wa krenki inayolingana na shafti ya gia boksi, na mauntingi mapya ya kuchomelea. Bamba likipinda kwa unene wa karatasi, shafti itakula beringi na klachi haitaachia vizuri. Sampu nayo: weka injini, kisha kandamiza springi za mbele uone difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) inapanda hadi wapi. Kuna watu waliojua jibu la swali hilo kwenye tuta la kwanza.

*Pesa na spea.* Unatoa pesa nyingi kwa mkupuo, na nusu yake inakwenda kwenye vitu ambavyo hukuviandika: rejeta, mabomba, waya, ekzosi, kebo ya mafuta. Baada ya hapo mambo ni mteremko. Nozo, gasketi na metali za 3L utazipata Tukuyu, Makambako, hata Tunduma usiku. Spea za 200Tdi zipo, ila utazifuata.

*Mlima na baridi.* Kwenye mlima 200Tdi haina mpinzani hapa, kwa kuwa tabo hurudisha hewa ambayo mlima umeipunguza. 3L haina mbio ila haichoki. Angalia joto. Mbeya maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94, na kwenye uwanda wa Kitulo karibu 91, kwa hiyo rejeta ndogo au kifuniko kisichoshika presha, ambavyo pwani vingekuvumilia, huku vitakuchemshia gari kabla ya Isyonje. Kuhusu baridi, dizeli hizi zenye plagi za joto nzima zinawaka vizuri kuliko ile dizeli ya zamani ya mbili na robo, ambayo plagi zake zimeungwa kwa mfululizo mmoja, ikiungua moja zote nne zinazimika.

*Kadi na thamani.* Kadi ya usajili ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, ubadilishe taarifa, na hifadhi risiti ya injini uliyonunua; injini ya skrepa isiyo na karatasi inaweza kuwa na mwenyewe. Kwa mpenzi wa magari ya asili thamani inashuka. Kwa mkulima wa viazi wa Uporoto inapanda.

*Inamfaa nani.* Anayelitegemea gari kwa mkate.

Sasa wewe uko wapi?

Kama bloku yako ni nzima, namba ya injini inasomeka, na gari ni urithi unaotaka wajukuu wako walipande, anza njia ya kwanza na usiharakishwe na mtu. Pima kabla ya kuagiza.

Kama bloku ni nzima lakini hedi imepasuka au krenki imekwisha, njia ya pili ni halali kabisa. Nenda kwa muuza skrepa na maikromita, si na pesa peke yake, na uwe umehesabu kofia zako. Ukichukua krenki, chukua na flaiwili yake. Ukichukua konrodi, chukua na kofia zake zilezile.

Kama bloku imepasuka, fikiria kwanza kutafuta mbili na robo nyingine nzima kabla ya kuhamia Toyota. Zipo nyingi zimelala vijijini chini ya miparachichi. Namba itabadilika kwenye kadi lakini gari litabaki gari lilelile.

Kama unapakia mbao Mafinga au viazi Isyonje kila juma, usijitese na petroli ya kilomita 5 kwa lita. Weka dizeli, ila mlipe mtu anayejua kuchonga bamba, na toa pesa ya rejeta kabla ya pesa ya rangi.

Na kama gari umelinunua likiwa limechanganywa tayari na mikono usiyoijua, linatembea, halinywi oili, halichemshi, liache litembee. Siku litakapofunguliwa, pima kila kitu na uandike. Langu nimeandika ndani ya boneti kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, ili fundi atakayenifuata asilazimike kukisia: BERINGI 3. KRENKI 20. SILINDA 40. HEDI YA 2.5. TAPETI MM 0.25 ZOTE.